Sikspensi ya Duka: Sarafu za Wafanyabiashara wa Natal na Uhaba wa Chenji

Ijumaa moja baada ya sala, kijana wa Chatsworth alinisubiri nje ya msikiti hapa Durban akaniambia kwamba bibi yake anataka kuniona. Alikuwa amesikia kuwa mimi ni mtu wa Unguja, na kwamba nimesomesha tarikh maisha yangu yote, na alikuwa na kitu cha kunionesha. Bibi mwenyewe amepita miaka themanini. Alinipokea kwa salamu za Kiislamu, akaendelea kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kizulu, akitia hapa na pale maneno ya Kimakua ambayo mimi siyafahamu. Baada ya chai akafungua leso. Ndani yake mlikuwa na kisahani cha shaba ya njano, kidogo, kimechakaa kwa kushikwashikwa, na kimetobolewa tundu upande wa juu.

"Hiki," alisema, "ndicho walichomvika babu yetu shingoni alipokuwa mtumwa."

Nilikigeuza mara mbili tatu kwenye mwanga wa dirisha. Maandishi yamelika, lakini yanasomeka: jina la kampuni, tarakimu ya sita na herufi "d" pembeni yake, na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "kwa bidhaa". Sikujibu pale pale. Mtu aliyetunza kitu miaka themanini haambiwi kwa pupa kuwa sicho anachodhani.

Wasomaji wengi wa jarida hili wanawajua Wazanzibari wa Durban kwa kusikia tu, kwa hiyo nieleze kwa ufupi. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia usafirishaji wao baharini. Manowari za Kiingereza zilizidi kukamata majahazi, na waliotolewa ndani yake ilibidi wapelekwe mahali. Koloni ya Natal ilikuwa na njaa ya vibarua wa mashamba ya miwa na wa bandari. Agosti mwaka ule ule manowari Briton ilishusha Durban kundi la kwanza, watu zaidi ya mia moja, na makundi mengine yakafuata mpaka kufikia 1880. Wengi wao asili yao ni Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Waliitwa "walioachwa huru", lakini kabla ya kuuonja uhuru wenyewe waligawiwa kwa waajiri kwa mkataba wa miaka mitano chini ya ofisi ya Mlinzi wa Wahamiaji, ofisi ile ile iliyosimamia vibarua kutoka India. Baadaye Waislamu miongoni mwao walikusanyika Kings Rest, kwenye mlima wa Bluff unaoitazama bandari, katika ardhi iliyonunuliwa na wadhamini wa msikiti wa Grey Street. Huko walikaa hadi sheria ya kutenga maeneo kwa rangi ilipowahamisha kwenda Chatsworth mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakiwa wameandikwa serikalini kuwa ni "Waasia wengineo". Waafrika kutoka pwani yetu, wakaandikwa Waasia! Makaratasi ya serikali hayajawahi kuwafahamu watu hawa, na ndiyo maana kitu cha mkononi kama kile kisahani kina uzito mkubwa kwao.

Basi na tukitazame. Jina lililoandikwa ni la kampuni ya Strachan, wenye maduka Umzimkulu, kusini-magharibi ya Durban, mbali na bahari. "6d" ni peni sita, yaani nusu shilingi ya Kiingereza, au sikspensi. Kampuni hiyo ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1874. Kundi la kwanza la Wazanzibari liliteremka 1873. Kwa hiyo kisahani hakikutoka Unguja, wala hakikuvaliwa melini. La pili ni lile tundu. Limepita juu ya herufi moja na kuila nusu yake, na kingo zake zimekwaruzika upande mmoja kama tundu lililotobolewa kwa msumari. Mtengenezaji wa Kiingereza angekusudia tundu angeliwachia nafasi. Lilitobolewa baadaye, na mtu aliyetaka kukifunga kwa uzi.

La tatu ni jepesi kuliko yote: mtumwa haandikwi bei ya peni sita wala hapokewi "kwa bidhaa".

Dhana ya kipande cha utumwa haikutoka hewani. Mji wa Charleston, katika jimbo la South Carolina huko Marekani, ulikuwa na desturi ya kuwapa watumwa waliokodishwa vipande vya shaba vyenye namba na aina ya kazi. Vipande hivyo leo vinauzwa ghali mno, na kwa sababu hiyo vinaghushiwa kwa wingi. Miaka hii kila kisahani chenye tundu kinatangazwa kuwa ni cha utumwa, na wauzaji wanajua kwa nini wanatangaza hivyo. Nimeoneshwa vya namna hiyo Muscat, nimeoneshwa London, na kimoja nilioneshwa Dubai ambacho kilikuwa tikiti ya chuma ya kuwekea makoti.

Sasa kwa nini mwenye duka wa Umzimkulu awe na sarafu yake mwenyewe? Hapo ndipo mambo yanapokuwa na ladha.

Wahindi waliofunga mkataba wa kazi Natal waliahidiwa shilingi 10 kwa mwezi mwaka wa kwanza, ikiongezwa shilingi moja kila mwaka hadi 14 mwaka wa tano, pamoja na posho ya chakula. Shilingi 10 ni peni 120. Ukizigawa kwa siku 26 za kazi, unapata chini kidogo ya peni tano kwa siku. Huo ndio ulikuwa uzito wa siku moja ya jasho: zaidi ya peni tatu, pungufu ya peni sita. Na sarafu ndogo kabisa ambayo watu wa bara ya Natal walizoea kuipokea ilikuwa ile ya fedha ya peni tatu, ambayo Afrika Kusini nzima waliiita tiki. Shaba za peni moja zilikuwa adimu, na wengi walizikataa. Fikiri: mtu anataka chumvi ya peni moja. Ana sikspensi. Mwenye duka hana cha kumrudishia. Ama amwuzie chumvi asiyoihitaji, ama amwandikie deni, ama ampe kitu cha kushika badala ya chenji.

Sarafu zilikuwa haba kwa sababu hakuna aliyefaidika kuzileta. Natal ilitumia sarafu za Uingereza, na zilipaswa kufika kwa meli kutoka London. Kreti ya shaba yenye thamani ya pauni mia ni nzito mara nyingi kuliko mfuko wa dhahabu wa thamani hiyo hiyo, na nauli na bima zote zinalipwa na anayeagiza. Mabenki yalipendelea dhahabu na fedha. Na kila walowezi walipoagiza majembe, nguo na mabati, sarafu nzuri zilirudi kwenye meli zile zile zilizozileta. Koloni inayoagiza kuliko inavyouza hubaki na madaftari yaliyojaa na masanduku matupu.

Tatizo si la Natal pekee. Uingereza yenyewe, mwishoni mwa karne ya 18, ilikuwa na uhaba wa shaba kiasi kwamba kampuni ya mgodi wa Parys, kisiwani Anglesey, ilianza mwaka 1787 kupiga peni zake yenyewe kulipia wafanyakazi, na mamia ya wafanyabiashara wakaiga, mpaka Bunge likazipiga marufuku kwa sheria ya 1817. Marufuku hiyo haikuvuka bahari. Melbourne, kampuni ya Annand, Smith ilitoa peni yake 1849, na New Zealand maduka yalitoa shaba zao tangu 1857 hadi 1881. Nyingi kati ya hizo zilitengenezwa Birmingham, ambako mafundi walitengeneza chochote kwa yeyote aliyelipa: vifungo, medali, sarafu za masultani na sarafu za wauza chai.

Hapa mniruhusu nirudi kwenye skuli yangu ya kwanza, ile ya Kiarabu, kwa sababu lugha imehifadhi kisa hiki kuliko majumba ya kumbukumbu. Ile "d" ya peni ni ufupisho wa denarius, sarafu ya Warumi, na neno hilo hilo ndilo lililotupa sisi dinari. Fulusi zetu nazo ni wingi wa falsi, sarafu ya shaba, na asili yake ni follis ya Warumi wa baadaye. Na kutokana na fulusi Waarabu wakapata neno muflis, mtu ambaye dirhamu zake zimemwisha akabaki na shaba tupu, ndiye mufilisi wa Kiswahili. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri, aliandika mwaka 808 Hijria (1405) risala nzima, Ighathat al-umma, akilaumu wingi wa fulusi za shaba kwa ughali na njaa ya zama zake. Waliomsoma haraka hudhani alichukia shaba. Alichokataa ni shaba kutoka mahali pake, ikageuka kuwa kipimo cha kila kitu badala ya kuwa chenji ya vitu vidogo. Nilikuwa nikiwapa wanafunzi wangu kurasa zake pamoja na habari za Natal. Misri ilizama kwa fulusi nyingi. Natal ilikwama kwa kukosa. Na katika hali zote mbili aliyeumia ni mnunuzi wa kibaba, si mnunuzi wa gunia.

Durban ilianza mapema. Klabu ya Durban, iliyoanzishwa 1854 na wakubwa wa mji, ina sarafu yake ya peni sita yenye tarehe ya 1860. Mwaka huo huo, mwezi Juni, treni ya kwanza ya Afrika Kusini ilitembea kutoka Point hadi mjini, na Novemba 16 meli Truro iliteremsha Wahindi wa kwanza wa mkataba kutoka Madras. Sarafu ya klabu ilizunguka baina ya waungwana waliojuana kwa majina, kwenye vinywaji vyao. Hiyo haina hatari kubwa; mwenye kudai anamjua mdaiwa, na wote wanakaa meza moja. Nje ya klabu yalikuwepo makaratasi. Mwenye duka aliandika kwa mkono kwamba karatasi hii ni halali kwa shilingi moja au kwa sikspensi, akatia saini. Karatasi hizo zililowa mvua, zililiwa na mchwa, na ziliweza kuandikwa na yeyote mwenye wino.

Wahindi wafanyabiashara walikuwa na njia nyingine. Hapa kuna jambo litakalowafurahisha wasomaji wetu wa Oman: wafanyabiashara Waislamu wa Gujarat waliokuja kwa nauli zao wenyewe, kuanzia miaka ya 1870, waliitwa na walowezi wa Natal "Waarabu", na wengi wao waliliridhia jina hilo. Wawili kati yao, Aboobaker Amod Jhavery na Hajee Mahomed Dada, ndio walionunua mwaka 1881 kiwanja cha msikiti wa Grey Street. Watu hawa waliuza kwa kipimo kidogo kuliko maduka ya Wazungu, na uhaba wa chenji waliutatua kwa daftari. Umechukua mchele wa peni mbili, unaandikwa. Mwisho wa mwezi unalipa shilingi nzima. Daftari ni chenji ya watu wanaojuana. Sarafu ya duka ni ya mpita njia, hata asiyejua kusoma anaibeba mfukoni na kumpa mwenzake. Walowezi walipotaka kuwabana "Waarabu" hao, sheria ya leseni Namba 18 ya 1897 ilidai, pamoja na mengine, kwamba vitabu vya hesabu viandikwe kwa Kiingereza. Walilenga daftari la Kigujarati, na waliotunga sheria walijua kuwa bila daftari biashara ya rejareja ingekufa.

Turejee Umzimkulu. Donald Strachan alifika Natal akiwa mtoto mwaka 1850, katika wimbi la walowezi kutoka Uingereza, na katika ujana wake akaanza biashara ng'ambo ya mto Umzimkulu. Nchi hiyo Waingereza waliiita Nchi Isiyo na Mwenyewe, ingawa ilikuwa na wenyewe wengi. Mapema katika miaka ya 1860 Wagrikwa chini ya Adam Kok wa Tatu walivuka milima ya Drakensberg na magari yao ya ng'ombe wakaja kukaa huko, na baadaye wakaujenga mji wa Kokstad. Serikali yao ilichapisha hata noti za pauni moja, lakini hazikuingia kwenye mzunguko. Mwaka 1874 koloni ya Rasi ilijitwalia utawala wa nchi hiyo, na mwaka huo huo Strachan akatoa sarafu zake.

Zilikuwa za thamani nne: shilingi mbili, shilingi moja, peni sita na peni tatu. Mkulima aliyeleta mahindi, sufi au ngozi alilipwa nazo, kibarua kadhalika, na yeyote kati yao alizirudisha dukani kuchukua blanketi, sukari, jembe au chumvi. Maneno "kwa bidhaa" ndiyo mkataba mzima. Yanamwambia mshikaji kwamba duka halikuahidi kumpa fedha ya Malkia. Limeahidi bidhaa, na bei ya bidhaa anaipanga mwenye duka. Hata hivyo watu walizikubali, na si dukani kwa Strachan tu. Zilizunguka katika Griqualand ya Mashariki kama fedha ya kawaida, mkono kwa mkono, kwa zaidi ya miaka 50, hadi mwaka 1932. Watozaji wa sarafu wa Afrika Kusini wamezifanya maarufu, na wako wanaoziita fedha ya kwanza ya asili ya nchi kuenea kwa upana. Kabla yake kulikuwa na sarafu za Griquatown za 1815 na 1816, zenye picha ya njiwa, zilizoletwa na wamisionari wa London, ila wanahistoria bado wanabishana kama hizo ziliwahi kutumika sokoni. Za Strachan hazina ubishi huo. Chakavu lake linatosha kuwa shahidi.

Lakini watozaji wana udhaifu wa kuipenda sarafu na kumsahau aliyeishika. Strachan hakuwa muuza duka tu. Alikuwa pia hakimu wa wilaya. Kwa hiyo mtu yule yule alinunua mahindi yako, akapanga bei yake, akakulipa kwa shaba yenye jina lake, akapanga bei ya blanketi utakalonunua kwa shaba hiyo, na ukigombana na jirani juu ya hilo blanketi, kesi inakwenda kwake. Sisemi alikuwa dhalimu. Sarafu ya dhalimu isingepokewa miaka 50 na majirani wasiolazimishwa. Ninachosema ni kwamba imani ile haikuwa na mlinzi mwingine ila tabia ya mtu mmoja na uzima wa biashara yake.

Na tusisahau faida. Tuseme duka limetoa sarafu za pauni 500. Gharama ya kuzitengeneza ni sehemu ndogo ya thamani hiyo. Mpaka siku zitakaporudi, duka limekopeshwa na wateja wake, masikini na matajiri, mkopo usio na riba wala tarehe. Zile zilizozama mtoni, zilizozikwa na wenyewe, zilizotobolewa zikatundikwa shingoni kwa mtoto, hazirudi tena. Hizo ni faida tupu. Kwa upande mwingine, duka lingefilisika, mwenye kisahani angebaki na kipande cha chuma. Neno muflis lingekuwa limekamilisha duara lake.

Umzimkulu angalau kulikuwa na wauza duka wengine, na mkulima angeweza kuendesha ng'ombe wake hadi Natal. Migodi ya makaa ya mawe ya kaskazini, huko Dundee na Dannhauser, ilikuwa jambo jingine. Huko Wahindi wa mkataba na Wazulu waliishi ndani ya ua wa kampuni, na duka lilikuwa la kampuni au la aliyepewa kibali na kampuni. Uingereza ilikuwa imekataza kuwalipa wafanyakazi kwa bidhaa tangu sheria ya 1831, kwa kuwa ilijua vizuri nini hutokea mwajiri anapokuwa pia muuza unga. Kwa upande wa kiuchumi tiketi ya mgodi na sarafu ya Strachan ni ndugu. Kwa upande wa haki siziweki kapu moja, na nimewahi kubishana na wenzangu juu ya hilo. Chenji ni ile ambayo ukiikataa unaweza kuondoka.

Msomaji wa pwani atauliza: na kwetu je? Unguja, kabla ya shaba za Kihindi kuletwa enzi ya Sayyid Said, chenji ya reale ilikuwa mtama, uliopimwa kwa kibaba. Ndege na panya walikuwa washirika wa hazina. Sayyid Barghash alitoa pesa yake ya shaba mwaka 1299 Hijria (1882), yenye jina lake upande mmoja na mizani upande wa pili. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikafuata na pesa ya Mombasa ya 1306 (1888), nayo ikaazima ile mizani. Kampuni ya Kijerumani ikatoa yake kuanzia 1307 (1890), na juu yake ikaandika kwa Kiarabu kwamba ni ya sharika ya Ujerumani, kwa sababu ilijua wanunuzi wa Bagamoyo na Pangani wanasoma herufi zipi. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Hizo mbili za mwisho, ukizitazama sana, ni sarafu za duka pia: kampuni za biashara zilizokabidhiwa nchi. Tofauti na Strachan ni ukubwa wa duka. Wajerumani walipozingirwa katika vita, mwaka 1916, walirudi kwenye asili ya jambo hili wakapiga senti zao za shaba, heller 20, katika karakana ya reli huko Tabora. Wazee niliowakuta ujanani mwangu walikuwa bado wanazo, wakizitumia kama vizibo na vyuma vya kupigia kamari.

Mwisho wa sarafu za maduka haukuwa na kishindo. Januari 1923 tawi la Mahakama ya Sarafu ya Uingereza, ile inayopiga fedha za Mfalme, lilifunguliwa Pretoria, na Muungano wa Afrika Kusini ukaanza kupiga peni, nusu peni na robo peni zake. Chenji ikapatikana nchini. Miaka tisa baadaye za Strachan zikaondoka. Tarehe 14 Februari 1961 shilingi na peni zenyewe zikaondoka, ikaja randi, na tiki ikabaki neno midomoni mwa wazee. Umzimkulu yenyewe, iliyokuwa imekwama kwa miaka mingi upande wa pili wa mpaka wa jimbo, iliunganishwa na KwaZulu-Natal mwaka 2006.

Nilirudi Chatsworth wiki ya pili nikiwa na kitabu cha picha. Nilimweleza Bibi kama nilivyoeleza hapa, polepole, mwaka kwa mwaka. Nilimwambia kuwa magari ya ng'ombe ya bara yalikuwa yakishuka Natal na bandarini kuchukua bidhaa, na kwamba sikspensi ya namna hiyo ingeweza kupita mikono mingi, ya wachukuzi na wauza mboga, kabla ya kumfikia mtu wa Bluff. Nilimwambia kuwa babu yake huenda aliipata kama ujira, huenda kama chenji. Alinyamaza. Mjukuu wake alionekana kusikitika, maana kwake kipande cha utumwa kilikuwa na heshima ya msiba, na sasa nimempa chenji.

Kisha Bibi akauliza: "Kwa hiyo hakuitumia?"

Nikasema hakuitumia, ndiyo maana ipo hapa.

"Na hilo duka halikumpa kitu chake?"

"Halikumpa."

"Basi wanatudai sisi au sisi tunawadai wao?"

"Nyinyi mnawadai, Bibi. Bidhaa za peni sita."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ile leso. Akamwambia mjukuu wake alete kalamu, akaandika kwenye karatasi jina la babu yake, la mama yake, na la mtaa wao wa Kings Rest, akakifunga kisahani ndani yake. Ndivyo ninavyowaomba na wengine mfanye, iwe mko Durban, Muscat, Mombasa au Leicester. Mkiwa na shaba yoyote kwenye makasha ya wazee, msiing'arishe kwa ndimu wala kwa majivu, maana mnafuta chakavu ambalo ndilo ushahidi wenyewe. Msiiuze kabla haijatazamwa. Pigeni picha pande zote mbili juu ya karatasi yenye mistari ya sentimita, ipimeni kwa mizani ya sonara, na muandike ilitoka kwa nani, nyumba gani, na nani alisema nini juu yake, hata kama mnadhani alikosea. Na ikiwa ina tundu, semeni tundu limepita wapi.